Baba anayelea "amelishwa limbwata", mama anayeamua ni "jike dume": nani alizigawa nguvu hizi?

#1 Reli ya Kati (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nina dai ambalo nataka mlipime bila kunionea haya. Kila mtu, awe mwanamume au mwanamke, ana akiba ya nguvu za aina mbili: zile tulizozoea kuziita za kiume, yaani kuthubutu, kukata shauri, kulinda na kusimama peke yako inapobidi, na zile tulizozoea kuziita za kike, yaani kulea, kusikiliza, kusubiri na kuwapatanisha waliokosana. Mikoa yetu hii miwili, Kigoma na Tabora, humruhusu kila mtu kutumia akiba moja tu, na akiigusa ya pili huadhibiwa kwa maneno. Mwanamume akimbeba mtoto kwenda kliniki, mtaa mzima unasema amelishwa limbwata. Mwanamke akisimama kwenye baraza la ardhi akamkatalia shemeji yake mbele ya wazee, anaitwa jike dume, hata kama shamba ni lake.

Dai langu la pili, ambalo najua litapingwa, ni kwamba wazee wetu wa zamani hawakuwa hivi, na kwamba ukali huu wa kugawana tabia umeingia baadaye. Naomba tujadili: mgawanyo huu umetokana na maumbile, na mila, au na maslahi ya watu fulani?

#2 Kijana wa Gungu

Mkuu, kabla hatujaenda mbali, tuambie shati ulilovaa sasa hivi limefuliwa na nani, ili tujue kama tunazungumza na mtafiti au na mhanga.

#3 Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Namshukuru mwanzisha uzi. Wazo kwamba pande zote mbili zimo ndani ya mtu mmoja lina umri mrefu. Wachina wa kale waligawa mambo yote katika yin na yang, wakasema kila upande umebeba mbegu ya mwenzake. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyefariki mwaka 1961, alifundisha kwamba ndani ya mwanamume imo sura ya kike aliyoiita anima, na ndani ya mwanamke imo sura ya kiume aliyoiita animus, na kwamba anayeikana sura hiyo huishia kutawaliwa nayo bila kujua. Mimi binafsi Jung ananichosha, kwa sababu akifika kwenye animus ya mwanamke huieleza kana kwamba ni maradhi ya ubishi.

Aliyelisogeza jambo hili mahali panapopimika ni mwanasaikolojia wa Marekani, Sandra Bem, mwaka 1974. Kabla yake vipimo vingi viliuweka uanaume na uanamke kwenye ncha mbili za mstari mmoja, kwa hiyo ukisogea kwenye upole lazima uwe umeuacha ujasiri. Bem alitengeneza dodoso la sifa 60: sifa 20 ambazo jamii yake iliziona ni za wanaume, 20 za wanawake, na 20 zisizoegemea upande wowote, kisha akahesabu alama za kila kundi peke yake. Wakapatikana watu wenye alama za juu pande zote mbili, na yeye aliamini kwamba hao ndio wanaoweza kubadilika kulingana na hali inayowakabili. Mtumbwi unaopigwa kafi upande mmoja tu huzunguka palepale.

#4 Mpiga Kafi (Kibirizi)

Shikamoo Mwalimu. Hayo ya Bem nimeyapokea, lakini mtumbwi niachie mimi. Mtu anayeijua kazi hupiga kafi upande mmoja tangu mwaloni hadi kwenye nyavu bila kuzunguka, kwa sababu mwisho wa kila pigo hulipindisha kafi kidogo ili kurekebisha uelekeo. Anayezunguka ni mgeni. Kwa hiyo mfano wako unaweza kumfaa hata mtu asiyekubaliana nawe: inawezekana kuishi kwa kutumia upande mmoja, maadamu umejifunza kupindisha.

#5 Muuguzi wa Zamu (Tabora)

Ningependa tuanzie mwilini, kwa kuwa mwanzisha uzi ametaja maumbile. Homoni tunayoiita ya kiume, testosteroni, imo katika damu ya kila mwanamke mzima, ikitengenezwa na ovari pamoja na tezi zilizo juu ya figo. Mwanamume anayo kwa wingi zaidi, takriban mara kumi au hata kupita hapo, lakini hakuna mwanamke asiyekuwa nayo. Vivyo hivyo estrojeni, tunayoiita ya kike, inahitajika katika mwili wa mwanamume, na mwanamume ambaye mwili wake hauwezi kuitumia hupata mifupa dhaifu. Katika hatua hii mwili haujui habari za limbwata.

Lakini linalonivutia zaidi ni utafiti uliofanyika hapa hapa nchini na kuchapishwa mwaka 2009. Martin Muller na wenzake walipima testosteroni ya wanaume wa Kihadzabe na wa Kidatoga, jamii zinazopakana karibu na Ziwa Eyasi. Kwa Wahadzabe, ambako baba hukaa na watoto wadogo, huwabeba na kuwalisha, wanaume wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambako malezi ya mtoto mchanga si kazi ya baba, tofauti hiyo haikuonekana. Miaka miwili baadaye utafiti wa Ufilipino, uliowafuatilia vijana walewale kabla na baada ya kupata watoto, ulionyesha kiwango kikishuka kwa waliokuwa baba, na kikiwa chini zaidi kwa waliotumia saa nyingi kulea. Kwa maneno mengine, wanaume wa nchi moja, wenye maumbile yaleyale, wamepata vipimo tofauti kulingana na kazi ambayo mila imewapa. Maumbile na mila havishindani hapa. Kimoja kinakigeuza kingine.

#6 Kijana wa Gungu

Nesi ametumaliza. Kuanzia leo mtu akiniomba nimbebe mtoto wake nitadai kwanza kipimo cha damu.

#7 Mzee wa Itetemia (Tabora)

Vijana, nimewasoma kwa makini na sijaona mlipolikana jambo lililo wazi. Mungu aliumba mume na mke kwa kazi mbili, na viumbe wengine wanashuhudia. Ninyi wa Kigoma mnao Gombe mlangoni kwenu. Nendeni mkatazame sokwe, ambao wanasayansi wenyewe wanasema ni jamaa zetu wa karibu: dume hulinda mpaka, jike hulea mtoto. Hakuna mkoloni aliyewafundisha, wala hakuna aliyewalisha limbwata. Kila upande ukifanya kazi yake, nyumba inasimama.

#8 Mfuata Nyayo (Kigoma)

Shikamoo mzee wangu. Kwa kuwa nimefanya kazi za msituni miaka mingi, naomba ruhusa ya kukujibu kwa urefu, maana Gombe hutajwa sana na watu walioisikia nusu.

Ni kweli kwamba madume ndio wanaozunguka mipaka kwa vikundi, wakiwa kimya, na hilo halina ubishi. Lakini tazama walichokilinda. Kati ya mwaka 1974 na 1978 madume wa kundi la sokwe liitwalo Kasakela waliwaua madume wa kundi liitwalo Kahama mmoja baada ya mwingine, na hao wa Kahama hawakuwa wageni. Walikuwa wenzao waliojitenga na kundi lilelile, waliokula na kuchanuana manyoya pamoja. Kama huo ndio ulinzi tunaotaka kuuiga, tufikiri mara mbili. Katika miaka hiyohiyo jike aitwaye Passion, akishirikiana na binti yake Pom, alikuwa akiwanyang'anya majike wenzake vitoto vyao vichanga na kuvila. Ukatili haukuwa wa jinsia moja.

Sasa malezi. Mwaka 1987 ugonjwa wa mapafu uliwaua sokwe kadhaa wa Gombe, na mtoto aitwaye Mel, wa umri wa miaka mitatu hivi, akabaki bila mama. Aliyemchukua alikuwa kijana dume aitwaye Spindle, ambaye hawakuwa na undugu wa karibu na ambaye naye alikuwa amefiwa na mama yake katika ugonjwa huohuo. Spindle alimbeba mgongoni, alimgawia chakula, alimruhusu kulala kwenye kiota chake, na alithubutu kumwondoa mtoto karibu na madume wakubwa walipokuwa wamechachamaa, ingawa mara nyingine kipigo kilimwangukia yeye. Hapo niambie, mzee wangu, Spindle alikuwa anatumia nguvu ya kiume au ya kike? Kumlinda mtoto dhidi ya madume ni kazi ya dume, kumbeba mgongoni ni kazi ya jike, na yeye alizifanya zote mbili asubuhi moja.

Kuhusu akili na ufundi, majike ndio wanaovua mchwa kwa vijiti mara nyingi zaidi, na watoto wa kike hujifunza ufundi huo mapema kuliko kaka zao, kwa sababu hutulia kumtazama mama wakati kaka zao wanacheza. Na ukivuka ziwa ukaenda ndani ya Congo, kusini mwa mto mkubwa, wako bonobo, jamaa wa karibu wa sokwe hawa, ambao kwao majike huungana na kuwatuliza madume wakorofi. Umbali wa damu kati yetu na bonobo ni sawa na umbali kati yetu na sokwe wa Gombe. Kila mtu basi huchagua mnyama anayemwunga mkono.

#9 Mzee wa Itetemia (Tabora)

Marahaba. Umeeleza vizuri, na habari ya Spindle imenigusa. Hata hivyo Spindle ni mmoja, na wazungukao mipaka ni wengi. Mtu hatungi kanuni kwa kumtazama mmoja. Wewe mwenyewe umesema majike wana utulivu wa kujifunza. Ndicho nilichosema.

#10 Msomaji wa Jioni

Nyongeza fupi kwa Mfuata Nyayo. Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, aliamini kwamba wanawake wana subira kubwa zaidi ya kutazama wanyama, na ndiyo sababu moja ya kuwatuma Jane Goodall Gombe mwaka 1960, baadaye Dian Fossey kwa gorila na Birutė Galdikas kwa orangutani. Wengi hulitaja hilo kama ushahidi wa nguvu za kike. Wanasahau kwamba huko Mahale, kusini mwa Gombe, Toshisada Nishida, mwanamume kutoka Japani, alianza mwaka 1965 na akafanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa kwa subira ileile. Na kwamba Watanzania waliokuwa wakiwafuata sokwe kutwa nzima katika miteremko ya Gombe, wakiandika kila walichokiona, wengi wao walikuwa wanaume wa vijiji vya kando ya ziwa. Hakuna anayewasifu kwa subira. Wanasifiwa kwa miguu.

#11 Binti wa Urambo

Nimesoma yin, yang, Jung na sokwe, nikaona niwaeleze habari za tumbaku.

Kwetu mwanamke husia mbegu kwenye vitalu, humwagilia, huhamisha miche, hupalilia, huchuma majani, huyapanga kwenye bani la kukaushia na kuamka usiku kuchochea moto, kisha husaidia kufunga marobota. Mume naye hufanya kazi, sitamsingizia wangu. Lakini siku ya soko jina lililo katika daftari la chama cha msingi cha ushirika ni la mume, na fedha huingia kwenye akaunti ya mume. Msimu mmoja nilihudhuria soko mwenyewe kwa sababu mume wangu alikuwa mgonjwa. Mteuzi alipolishusha daraja robota letu, nilimwomba alifungue alitazame upya hadi katikati. Alilifungua, akalipandisha. Niliporudi nyumbani habari ilikuwa imenitangulia, nami nimekuwa jike dume hadi leo. Fedha zilizoongezeka hakuna aliyeziita dume. Zililipa ada kimya kimya.

Kwa hiyo kwa swali la Reli ya Kati nasema ni maslahi. Mwanamke akibeba magunia hakuna anayelalamika kwamba anatumia nguvu za kiume. Malalamiko huanza anapofika mezani penye karatasi za fedha.

#12 Mrina Asali (Sikonge)

Dada wa Urambo amenifungulia njia. Katika misitu yetu ya miyombo mizinga ya magome na ya magogo hutundikwa juu sana mitini, warinaji huenda kambini kwa majuma kadhaa, hupanda usiku wakiwa na moshi, na kazi yote huhesabiwa ni ya wanaume. Wazee walituambia mwanamke hawezi kuvumilia nyuki. Kisha ikaja mizinga ya masanduku inayowekwa kwenye vichanja, kimo cha kiuno, mtu akiwa amevaa vazi la kujikinga, na mara vikundi vya akina mama vikaanza kurina na kuuza. Nyuki ni walewale na miiba ni ileile. Kumbe nguvu ya kiume tuliyoisifia ilikuwa ni urefu wa mti. Kwa hiyo mimi sisemi ni maumbile wala maslahi. Nasema ni vifaa, na kifaa kikibadilika utaona tabia inahamia upande mwingine bila mkutano wowote.

#13 Kijana wa Gungu

Mrina, usitufiche jambo. Ndani ya huo mzinga nani hufanya kazi?

#14 Mrina Asali (Sikonge)

Vibarua wote ni majike: wao hulea, hujenga masega, huchuma, hulinda mlango na kuchoma. Nyuki dume hana mwiba wala hachumi asali. Kazi yake ni kumpanda malkia, naye hufa papo hapo. Chakula kikiadimika vibarua huwafukuza madume nje. Mzee wa Itetemia alitaka viumbe washuhudie, basi nami nimeleta shahidi.

#15 Mzee wa Itetemia (Tabora)

Shahidi huyo simkubali.

#16 Mkongwe wa Kwihara

Naomba kulijibu dai la pili la Reli ya Kati, kwamba zamani tulikuwa na uwiano. Halisimami wima, ila halianguki lote.

Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya misafara kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, na kijana ambaye hajawahi kufika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Tazameni basi uanaume ulivyopimwa: kwa mzigo na safari. Wakati huo huku nyumbani wanawake walilima, waliamua mbegu na akiba, na walisimamia kaya miezi mingi bila waume. Wako pia waliosafiri na misafara yenyewe. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mzigo ukahamia kwenye behewa na kipimo kile kikapoteza kazi. Kikaja kipimo kingine. Kodi ya fedha taslimu iliwasukuma wanaume wa Buha na Unyamwezi kwenda mashamba ya mkonge kama manamba, na tangu hapo mwanamume akawa ni yule anayeleta noti. Wanaosema "mila zetu" kila mara wanapomzuia mke kushika fedha wangeangalia tarehe kwanza.

Kuhusu utawala, hatukuwa wageni wa mamlaka ya mwanamke. Huko Heru, Kasulu, Mwami Theresa Ntare alikuwa mwanamke na aliwatawala Waha katika zama za Waingereza. Hapa Unyanyembe, baada ya Mtemi Isike kujilipua ndani ya ngome yake mwaka 1893 ili asikamatwe na Wajerumani, aliyefuata katika kiti alikuwa mwanamke, Nyaso.

Na mkutano mkuu wa TANU uliofanyika hapa Tabora Januari 1958 unatufundisha jambo kuhusu nguvu tunazozisifu. Waingereza walikuwa wameweka masharti ya kura tatu, ambayo yalimlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kususia, na kususia kulionekana ndiko kuwa kidume. Nyerere aliwasihi washiriki, wayameze matusi ya masharti yale ili washinde ndani yake; Zuberi Mtemvu hakuridhika na akaenda kuanzisha chama chake. Kilichoitwa baadaye Uamuzi wa Busara kilikuwa kazi ya kusikiliza, kusubiri na kuvumilia, yaani akiba ileile ambayo Reli ya Kati ameiita ya kike. TANU ikashinda uchaguzi ule, na uhuru ukaja mwaka 1961.

#17 Mpita Njia (Ujiji)

Mkongwe, nina maswali mawili ya kupinga. La kwanza, Nyaso aliwekwa na Wajerumani waliokuwa wamemshinda Isike. Je, hukuwahi kufikiri kwamba walimweka kwa kudhani mwanamke atakuwa mwepesi kwao? Kama ni hivyo, kiti chake kinaonyesha dharau, si heshima. La pili, kwa nini subira ya Nyerere iwe ya kike? Alikuwa mwanamume, na waliomsikiliza ukumbini wengi walikuwa wanaume. Mnapoiita ya kike mnawanyima wanaume sifa iliyo yao, na mnawabebesha wanawake wajibu wa kusubiri milele.

#18 Mkongwe wa Kwihara

La kwanza ni dhana yenye uzito, ila haielezi Heru. La pili nalirudisha kwa aliyeanza kugawa makundi hayo katika chapisho la kwanza. Nami nakukumbusha kwamba nguvu ya TANU mitaani ilitoka kwa akina mama. Bibi Titi Mohamed alianza mwaka 1955 kwa kupitia vikundi vya ngoma vya wanawake, na hakuwa mtu wa kusubiri.

#19 Wakili wa Kujitegemea (Tabora)

Nitaongeza upande wa sheria kwa ufupi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtwika mume wajibu wa kumtunza mke, na mke hubeba wajibu huo pale tu mume anaposhindwa kwa maradhi na mke ana uwezo. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo na baba siku 3. Kwa hiyo baba anayetaka kuwa kama Wahadzabe wa Muuguzi ana muda wa kumtazama mtoto, kumpa jina na kurudi kazini. Kwa upande mwingine, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria basi inaheshimu malezi yanapofanywa na mama, na inamhesabu baba kuwa mleta fedha.

#20 Karani Mkongwe

Wakili, msomaji asije akadhani Bi Hawa aliondoka na nyumba. Kanuni ilikubaliwa, lakini yeye mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona amekwisha kupokea fedha kutoka kwa mumewe na akazitumia vibaya. Waliofaidi ni wanawake waliokuja mahakamani baada yake.

#21 Mama wa Mwaloni (Katonga)

Nimechelewa kwa sababu dagaa hawamsubiri mtu.

Mnasema mwanamume anavua na mwanamke anaanika. Ni kweli kwa macho. Lakini mafuta ya injini ya safari nyingi hapa mwaloni hukopeshwa na akina mama, kwa makubaliano kwamba dagaa watauziwa wao. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawaingii ziwani, na siku hizo wanaolisha kaya ni wale wenye akiba ya dagaa makavu, ambao ni sisi. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa mchangani, hasara ni yetu. Kwa hiyo kuthubutu kumo kwetu kila asubuhi, ila kwa kuwa tumekaa chini na tumejifunga kanga hakuna anayekuona.

Namuunga mkono Mpita Njia kuhusu subira, na ninaongeza makali. Uvumilivu unaosifiwa kwa wanawake mara nyingi ni deni ambalo mtu mwingine hataki kulilipa. Na upande wa wanaume nimeona jambo lingine. Mvuvi akipoteza nyavu zake kwa dhoruba, mkewe huwa wa mwisho kujua, kwa sababu anaona aibu kusema. Atakopa huku, atakopa kule, atahama mwalo. Ningekuwa na uwezo ningemrudishia mwanamume nguvu moja tu kati ya hizo mnazoziita za kike, nayo ni kusema "nimekwama" kabla ya wadai kufika.

#22 Muuguzi wa Zamu (Tabora)

Mama wa Mwaloni amegusa kinachonikosesha usingizi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba, kwa dunia nzima, kiwango cha wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Wodini kwetu wanaume huja wakiwa wamechelewa, mara nyingi wakiletwa na mke au dada, na swali la kwanza wanaloniuliza ni lini watarudi kazini. Sisemi limbwata linaua, ila hofu ya kuitwa hivyo ina gharama yake. Yeyote aliyezidiwa azungumze na mtu, hata kabla ya kuja kwetu.

#23 Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Kwa uaminifu wa kitaaluma lazima niongeze yaliyofuata baada ya mwaka 1974. Watafiti wengine walipolitumia dodoso la Bem waligundua kwamba kujiamini kulifungamana zaidi na zile sifa 20 za kiume, na kwamba kuongeza za kike hakukuleta tofauti kubwa. Wengine wakajibu kwamba hilo lingetegemewa katika jamii inayolipa sifa za kiume peke yake, jibu ambalo Binti wa Urambo angelipokea. Bem mwenyewe kuanzia mwaka 1981 alihamia kwenye swali jingine: kwa nini akili zetu hukimbilia kuzipanga tabia katika mafungu hayo mawili? Akilini mwangu swali hilo la pili ni zito kuliko dodoso. Kuhusu kafi, Mpiga Kafi, bado nakudai safari moja ya kuthibitisha.

#24 Mpiga Kafi (Kibirizi)

Mashua ipo, Mwalimu. Njoo kabla ya mbalamwezi, na uje na nguo za kulowa.

#25 Reli ya Kati (Kigoma)

Nawashukuru wote. Mkongwe ameniondolea nusu ya dai langu la pili na sitagombana naye juu ya nusu hiyo, ingawa nabaki na iliyosalia. Kwa Kijana wa Gungu: shati nimelifua mwenyewe. Mke wangu anafanya kazi Tabora, watoto wako kwangu, na ninayoyasikia dukani nimeyazoea. Linalonisumbua zaidi ni wanaume wenzangu wanaonifuata jioni, mmoja mmoja, kuuliza uji wa mtoto unapikwaje, kisha mchana wanacheka na wengine. Hilo si maumbile, wala si vifaa, kwa sababu sufuria wanayo.

#26 Binti wa Urambo

Naomba nimrudie Wakili kwa jambo la hakika. Je, mke anaweza kuandikishwa katika chama cha msingi kwa jina lake wakati mumewe tayari ni mwanachama? Kwetu tunaambiwa kaya moja, jina moja.

#27 Wakili wa Kujitegemea (Tabora)

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 humwandikisha mtu, haiandikishi kaya. Omba masharti ya chama chenu uyasome mwenyewe, kisha andika barua ya maombi kwa bodi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa, wakatae kwa maandishi.

#28 Kijana wa Gungu

Na mume akikataa kwa mdomo?

#29 Mzee wa Itetemia (Tabora)

Binti, barua hiyo ukishaiandika nitumie niipitie kabla hujaipeleka, maana nilikuwa katibu wa chama cha msingi kwa miaka mingi na ninajua mahali bodi zinapoficha visingizio. Usisahau kutaja eneo la shamba unalolima kwa mkono wako. Ila Mwalimu na Mrina wasidhani nimekubaliana nao.